Kamati ya Jimbo Bado Imekaa

Kitu cha kwanza mtu anachokigundua kwa Divakaran ni kwamba hakutazami usoni. Ukiingia dukani kwake Ibra, huko Oman, macho yake yanakwenda moja kwa moja mabegani mwako, yanapita bega la kulia, yanapita la kushoto, yanashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ndipo yanapopanda kukusalimia. Kufika hapo ameshajua kanzu yako itakula kitambaa kiasi gani, na ameshajua pia kama umenenepa tangu Idi. Wateja wapya huona ni utovu wa adabu. Wa zamani hucheka, wakanyoosha mikono kabla hawajaambiwa.

Kitu cha pili ni Kiswahili chake. Divakaran ni mtu wa Kerala, kusini mwa India, wala hajapata kukanyaga Unguja. Kiswahili alikiokota hapa hapa mtaa wa Sufala, kwa mabibi waliorudi kutoka Zanzibar, ambao walikuwa wakija kushonesha na kukaa kitako kwenye benchi lake kungoja vifungo vitiwe. Kwa hiyo anasema "mie", na "ewallah", na "haya mwanangu, hebu simama nikutazame", kama bibi wa Malindi ya Unguja wa zama zile. Vijana wa mtaani, ambao Kiswahili chao kimebaki nusu, humwendea yeye kuuliza maneno ya bibi zao yana maana gani.

Jumatano ile baba yake alikuwa amekufa tangu alfajiri ya jana yake, na yeye alikuwa amefungua duka. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Alipokwisha kuzungumza na dada yake kwenye simu, alikaa kitandani akangojea kitu kimpate, kilio au kizunguzungu, kama alivyoona kinawapata watu wengine. Hakikumpata kitu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiubonyeza husikii. Tiketi alikata, ya ndege ya Jumatano usiku, kwa sababu ya kabla yake ilikuwa imejaa. Baada ya hapo hakujua aiweke wapi mikono yake. Cherehani ilikuwepo, akaiweka hapo.

Mzee Hamdun alimkuta anatia kishada kwenye shingo ya kanzu, kile ambacho Waomani wanakiita furakha. Hamdun ni mstaafu wa ofisi ya wali, yaani mkuu wa wilaya, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Ibra akiwa kijana, na hakuna asubuhi anayokosekana kwenye benchi la duka lile. Ndiye aliyeombwa ampeleke Divakaran uwanja wa ndege Maskati. Alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai ya maziwa.

"Yakhe, una wazimu wewe?" alisema. "Mtu kafiwa na baba anatia furakha?"

"Ya Ghaith hii. Ijumaa anaoa."

"Ghaith ataoa hata kwa fulana. Weka chini, unywe chai."

Divakaran akaweka chini, akanywa. Chai ilikuwa ya moto. Alijua ni ya moto kwa sababu alimwona Hamdun anaipuliza yake.

"Sasa mnazika lini? Astaghfirullah, mnachoma lini?"

"Kesho, kabla ya adhuhuri. Wamemweka hospitali, kwenye baridi, wananingojea mie. Mtoto wa kwanza ndiye anayewasha moto."

"Basi utawahi, alhamdulillahi. Mbona unaitazama simu kama mtu anayengoja posa?"

Katika miaka yake yote ya Ibra, Divakaran hakuwahi kutaja siasa za kwao ndani ya duka lile. Oman hakuna vyama, na yeye aliona si adabu mgeni kuingiza ugomvi wa kwao katika nyumba ya watu. Lakini siku ile ulimi ulikwenda wenyewe, kama mikono ilivyokuwa ikienda yenyewe.

"Nangoja kamati," alisema.

"Kamati ya mazishi?"

"Kamati ya jimbo. Ya chama."

Na akaeleza, polepole, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza kwa nini kitambaa fulani kitaruka rangi.

Baba yake, mzee Kunjiraman, alikuwa mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja karibu na Kannur. Alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha tawi la chama cha wakulima pale kijijini, wakati chama chenyewe hakina hata kiti. Alitembea kwa miguu kuandikisha wanachama, alilala rumande kwa ajili ya bei ya mpunga, na jina la mwanawe wa kwanza lilichaguliwa kwenye kikao cha tawi, likiwa kwenye ajenda. Kisha ukaja uchaguzi mmoja wa bunge la jimbo, Divakaran akiwa tayari yuko Oman. Tawi la kijiji lilikuwa na mtu wake wa kugombea. Kamati ya jimbo, iliyoko Trivandrum, mji mkuu wa Kerala, ikamleta wake: mkandarasi wa mjini, mwenye viatu vyeupe. Siku ya mkutano wa hadhara mzee Kunjiraman alipewa kipaza sauti ili amkaribishe mgeni. Akasema: "Huyu ndugu mmemleta ninyi. Mimi nina swali moja kwake. Mpunga wetu unapandwa mwezi gani?" Mkandarasi akatabasamu, akasema mwaka mzima. Watu walicheka mpaka jukwaa likatikisika, na kiti kile chama kikakipoteza.

Kamati ya jimbo ikamfukuza Kunjiraman kwa kuvunja nidhamu.

"Kwa swali moja!" alisema Hamdun.

"Kwa swali moja. Na wanachama wakaamriwa wasizungumze naye. Wenzake walikuwa wakipita mbele ya nyumba yetu wanakohoa. Ndiyo ilikuwa salamu. Baba anakaa barazani, mtu anapita anakohoa, na yeye anajibu kwa kukohoa. Mama akadhani kijiji kizima kina kifua kikuu."

Hamdun alicheka, kisha akajizuia, akamtazama mwenzake kuona kama imeruhusiwa kucheka. Uso wa Divakaran haukusema ndiyo wala hapana.

"Lakini baba hakutoka," aliendelea. "Wao walimtoa, yeye hakutoka. Ofisi ya tawi iko ng'ambo ya njia. Kila wakikutana anasogeza kiti chake asikie. Wakisimama kuimba, na yeye anasimama barazani kwake. Likizo yangu ya mwisho aliniambia: 'Nikifa nataka bendera. Usiwaache wanichome kama mtu asiye na watu.' Nikamwambia utaipata, baba. Mie nilisema tu, kama mtu anavyomwambia mteja kanzu itakuwa tayari kesho."

Bendera ile ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Katika vijiji vya kwao, mwanachama akifa, watu wa tawi huja kwa mstari mpaka uani alipolazwa. Wawili hushika bendera ya chama pembe zake, katibu huiongoza, na maiti hufunikwa mbele ya watu wote huku wakipiga kaulimbiu kwa sauti moja. Kisha ndipo hupelekwa motoni, na jioni hufanywa kikao cha rambirambi kwenye njia panda, ambapo hata wapinzani hupanda kumsifu. Aliyekula na kulala chama maisha yake yote akachomwa bila bendera, kijiji hukumbuka hilo kuliko yote aliyoyafanya.

"Sasa si wamletee bendera?" alisema Hamdun. "Watu wa kijijini wanamtaka au hawamtaki?"

"Wanamtaka. Lakini hawana ruhusa."

"Kwani makao makuu si Delhi? Piga simu Delhi, waambie maiti hangoji."

"Delhi hawamjui baba yangu. Mzee Hamdun, nikwambie kwa lugha ya duka. Delhi ni mwenye jora la kitambaa. Tawi la kijiji ni sindano, inachoma kutwa. Lakini anayepima, anayekata, anayesema hii ya fulani na hii si ya fulani, ni jimbo. Nani agombee, jimbo. Nani apande jukwaani, jimbo. Nani afukuzwe, jimbo. Na aliyefukuzwa na jimbo, wilaya haiwezi kumrudisha, sembuse kijiji."

"Hata akiwa amekufa?"

"Hasa akiwa amekufa. Aliye hai anaweza kukohoa."

Hamdun akatikisa kichwa. "Sisi hapa wali mmoja anatutosha, na bado tunamchosha."

Katibu wa tawi la kijiji, mtu anayeitwa Raghavan, alikuwa amepanda treni ya usiku kwenda Trivandrum mara tu aliposikia msiba. Bahati ilikuwa kwamba kamati ya jimbo imekaa kikao wiki hiyo hiyo. Bahati mbaya ilikuwa kwamba imekaa kuchagua wagombea wa uchaguzi unaokuja, na kila mjumbe alikuwa na shemeji yake. Jambo la mzee Kunjiraman lilikuwa limeingizwa mwisho kabisa, chini ya mengineyo.

"Aaa! Mengineyo!" Hamdun akapiga goti lake. "Nimezeeka ofisini mie, nayajua mengineyo. Huko ndiko mambo yanakopelekwa kulala."

Divakaran akachukua tena kanzu ya Ghaith. Alitia mishono michache, akaifumua, akaitia tena. Hakuwa na huzuni. Alijaribu kuikumbuka sura ya baba yake, akaipata, lakini ilikuwa kama picha ya mtu kwenye gazeti.

Hamdun si mtu wa kukaa na habari. Alitoka nje kidogo, akasema kwenye simu yake, akarudi, na haukupita muda gari likasimama mlangoni. Ikashuka buibui moja pana, ikifuatwa na nyingine nyembamba iliyobeba mifuko. Alikuwa Bi Mahfoudha, mteja wa kwanza kabisa wa duka lile, pamoja na mjukuu wake Lamees, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wanatoka kwenye soko la wanawake, lile la kila Jumatano ambalo mwanamume haingii.

"Shikamoo, Bibi," alisema Divakaran, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Pole sana. Mungu akupe subira." Bi Mahfoudha akamtia mkononi ubani wake, umekunjwa ndani ya leso, akaufunga mkono wake juu yake ili asiukatae. Halafu akajitupa kwenye benchi, Hamdun akasogea. "Na wewe Hamdun, mtu amefiwa, umekaa hapa unamnywesha chai yenye sukari kama mwenye arusi?"

"Nilete chungu?"

"Nyamaza. Nimeyasikia yote. Ati chama kinamkatalia baba wa watu kuzikwa?"

"Hawamkatalii, Bibi. Bado wamekaa."

Bi Mahfoudha akavuta pumzi. "Nyie hamyajui haya. Mie nayajua. Nilikuwa mtoto, Unguja, siku za siasa. Jirani yetu ukuta kwa ukuta, chama chake kingine, chetu kingine. Akafa. Baba hakwenda kumzika, na hakuna aliyekwenda katika watu wetu. Mjane alituletea mkate wa ufuta wa arobaini, mama akaurudisha na kitambaa chake. Nakumbuka mkate ulivyokuwa unanukia. Nilikuwa na njaa. Sasa baba yangu na yule jirani wote mchanga, na hivyo vyama siku hizi havipo. Lamees! Toa kile kitambaa."

Lamees akakitoa mfukoni: buluu iliyokolea, pamba nzuri, yadi za kutosha. Akatoa na kipande cheupe.

"Nimeangalia kwenye simu bendera yenu," alisema Lamees. "Hii buluu ndiyo ile ile, nimelinganisha. Na katikati kuna hii kitu ya ng'ombe."

"Jembe," alisema Divakaran. "Jembe la kukokotwa na ng'ombe. Jeupe."

"Haya basi," alisema Bi Mahfoudha. "Fundi ni wewe, kitambaa hiki hapa. Shona mwenyewe, uingie nayo ndegeni, umfunike baba yako. Hao wa kamati wakae mpaka wachoke. Nani atajua?"

"Kijiji kizima kitajua, Bibi. Bendera hainunuliwi. Inaletwa."

"Isipoletwa je?"

Divakaran aliwaza uani kwao, kitanda cha kamba, mzee amelala na nguo nyeupe tupu, na watu wa tawi wamesimama ng'ambo ya njia wanakohoa. Pengine bibi alikuwa na haki. Pengine kitambaa kilichoshonwa na mtoto kilikuwa bora kuliko uchi ule. Akakitandaza kitambaa cha buluu juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja, akachukua chaki.

Wote watatu walisogea karibu na meza. Walikuwa wanapenda tu kumwangalia akikata. Divakaran huwa hakati kwa kufikiri. Mkasi huingia, hupinda, hutoka, kama samaki majini. Alikunja kitambaa mara mbili, akachora, akakata. Akageuza, akakata tena. Fikira zake zilikuwa Trivandrum, kwenye ukumbi asioujua, mezani ambako watu walikuwa wanabishana juu ya shemeji. Alipomaliza akakikunjua kitambaa na kukiinua mbele yake.

Kilikuwa na shingo. Duara safi la shingo ya mwanamume mzima, mpasuo wa kifuani ukishuka chini, na upande wa kulia alama ya chaki mahali pa kuning'iniza furakha. Mabega yameinama kidogo, ya mtu mwembamba aliyezeeka. Mikono yake ilikuwa imemkatia baba yake kanzu ya Kiomani.

Bi Mahfoudha akaanza kucheka, bila kukusudia, mabega yakimtetemeka, na ndani ya kicheko kile machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shela. Hamdun aligeukia mlango. Lamees akasema kwa sauti ndogo, "Maalesh, amu, usijali. Tutanunua nyingine. Soko bado haijafungwa."

"Usinunue, mwanangu," alisema Divakaran. Alikunja kile kitambaa vizuri, kona kwa kona. Alikuwa anangojea tena kitu kimpate. Alijisikia mtulivu kama meza. Lakini jambo moja lilikuwa limemdhihirikia: mikono yake haijui kushona bendera. Haikuzaliwa nayo wala haikufundishwa, na hakuna haja ya kuilazimisha. Bendera ilikuwa kazi ya watu wengine, na hao ndio wadaiwa.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Raghavan.

Divakaran aliiweka sikioni, akasikiliza. Walioko dukani waliona tu kichwa chake kikiinama na kuinuka, na wakamsikia akisema Kimalayalam cha kwao, maneno machache, kila moja kama kifungo kinachoangushwa bakulini. Mwishowe akasema kitu kirefu zaidi, akaiondoa simu sikioni, akaifunika kwa kiganja.

"Wamefika kwenye mengineyo," aliwaambia.

"Allahu akbar," alisema Hamdun. "Na?"

"Wako tayari kumrudisha uanachama, leo hii, na bendera itakwenda. Katibu wa jimbo mwenyewe atatuma shada la maua. Lakini kwa sharti. Mwanawe wa kwanza aseme, kwa niaba ya marehemu, kwamba marehemu alijuta. Raghavan atalisoma mbele yao."

"Alijuta nini?"

"Lile swali."

"Basi sema!" Bi Mahfoudha alisema. "Neno moja tu. Sema alijuta, maiti hasikii."

"Bi Mahfoudha!" Hamdun alishtuka.

"Nini? Uongo wa kumsitiri mtu haujaandikwa dhambi. Sema, mwanangu. Tumekaa na ujeuri kwetu, umetufaidia nini?"

Divakaran aliitazama simu iliyofunikwa na kiganja chake. Kutoka ndani yake ilikuwa inasikika sauti ya Raghavan, ndogo, ikiita. Ilikuwa rahisi. Alikwisha kuwaambia watu maelfu kwamba kanzu iko tayari wakati haijakatwa. Na bendera angeipata, ahadi ingetimia, mstari wa watu ungevuka njia na kuingia uani. Lakini ingekuwa imefunikwa juu ya nani? Juu ya mzee mwingine, aliyejuta. Baba yake alikuwa na makosa yake. Alikuwa mkali, alikuwa mkaidi, alimkosea mama mara nyingi na akayajutia hayo mbele ya watoto. Lile moja hakulijutia. Mpaka likizo ya mwisho alikuwa akilisimulia, na kila akifika kwenye "mwaka mzima" anapiga paja lake kama ni mara ya kwanza kulisikia.

Akairudisha simu sikioni. Safari hii alisema kidogo kidogo, akiwatafsiria wenzake kila baada ya sentensi, kama kwamba na wao ni wajumbe.

"Ndugu Raghavan, waambie hivi. Hakujuta." Akayatafsiri. Bi Mahfoudha akapiga ulimi. "Waambie mwanawe anasema hakujuta hata siku moja. Na hakutoka kwenye chama hata siku moja. Yote mawili ni kweli, wayachukue pamoja. Na mwanawe anaomba bendera."

Raghavan akazungumza, na Divakaran akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema niko sawasawa na baba yangu, na si sifa," alitafsiri. "Anasema wametoka kunywa chai. Wakirudi atayasoma maneno yangu kama yalivyo, halafu watapiga kura ya mikono."

"Watakubali?" aliuliza Lamees.

"Wapo waliomcheka yule mkandarasi siku ile, kwa siri. Hajui ni wangapi waliobaki kwenye kamati."

Hamdun aliinuka. "Alasiri imeingia. Niswali, tutoke."

Divakaran alipiga pasi kanzu ya Ghaith, akaitundika, akamwachia Lamees ufunguo wa duka ili Ghaith aje kuichukua. Bi Mahfoudha hakuwa amemsamehe bado kwa ile "hakujuta", lakini alimtilia chapati na mayai ya njiani kwenye mfuko, na alipokuwa anaingia garini akamshika mkono kupitia dirishani. "Watakapokupigia," alisema, "unipigie. Hata nikiwa nasali. Umesikia?"

"Ewallah, Bibi."

Barabara ya Maskati kutoka Ibra hupita tambarare kwanza, mitende ikibaki nyuma, kisha huanza kuingia milimani. Hamdun aliendesha taratibu kuliko kawaida yake. Njiani Vasanthi, dada yake Divakaran, alipiga simu.

"Etta," alisema, kama anavyomwita kaka yake tangu utotoni, "wamepiga?"

"Bado. Wameingia tena?"

"Hatujui. Njia panda imejaa watu. Mkeo anawapikia chai, sufuria zimekwisha. Vijana wa tawi wameitoa bendera kabatini, wameipiga pasi, imekunjwa juu ya meza ya ofisi. Mlango uko wazi, naiona nikisimama barazani. Hakuna anayeigusa. Etta, ni kweli ulichowaambia? Raghavan amewatumia watu maneno yako."

"Kweli."

"Kuna mzee mmoja hapa ameyasoma kwa sauti. Watu wamepiga makofi. Msibani, Etta! Mama angetufukuza sote."

Alipokata, Divakaran aliona kwamba mguu wake wa kulia unabonyeza sakafu ya gari, unapanda na kushuka, kama uko kwenye cherehani. Akautuliza. Ukaanza tena.

Penye kituo cha mwisho cha petroli kabla ya milima, Hamdun akapunguza mwendo, akaingia pembeni, akasimama kivulini.

"Mafuta?" aliuliza Divakaran.

"Mafuta yapo. Huko mbele mtandao unakatika, bonde baada ya bonde. Ndege yako mpaka usiku. Tukae hapa kwanza."

Simu ikatetemeka. Wote wawili wakaruka. Alikuwa Bi Mahfoudha.

"Wamepiga?"

"Bado, Bibi. Na ukipiga wewe, wao hawapati njia."

"Haya, nakata. Nimekata. Hamdun asiendeshe mbio!"

"Tumesimama, Bibi."

"Basi msisimame juani!" Na akakata kweli.

Divakaran aliiweka simu juu ya dashibodi, uso wake juu, mistari ya mtandao yote ikionekana. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Sur. Mtu alikuwa anaosha kioo cha gari lake, akiosha mahali pamoja tu. Kisha ujumbe ukaingia, kutoka kwa Raghavan, maneno mawili: *Wameingia. Nasoma.*

Alimsomea Hamdun. Hamdun akasogeza kiti chake mbele, akazima redio, akazima na kiyoyozi, ili wasikie vizuri.